Maji ya Kutuliza Vumbi

Asubuhi ya kwanza baada ya kumzika Shangazi Mwantumu, mzee mmoja alishuka kwenye bodaboda nje ya ua wetu, akapangusa miwani kwa pindo la shati, na kabla ya kumsalimia mtu yeyote akaukandamiza udongo kwa kisigino cha kiatu. Akasogea kidogo, akaukandamiza tena, kama mama anayebonyeza mkate wa kumimina kuona kama umeiva katikati. Wanawake waliokuwa wakimenya viazi vya chakula cha matanga waliacha visu hewani. Walidhani mzee ni mgonjwa. Tuliojua anafanya nini tulikuwa wawili tu, mimi na Bi Tabu, jirani wa shangazi, ambaye siku hizi haoni vizuri ila anachotaka kukiona hukiona. Bi Tabu alinifinya paja. “Shemeji kaja,” akasema.

Nilikwenda kumpokea. “Shikamoo, Kepteni.” “Marahaba, mwanangu. Wewe Saumu.” Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, na bega la kushoto bado lilikaa chini kidogo kuliko la kulia, kama nilivyoliacha. Alikuwa ametoka Mwanza kwa basi, basi likaharibika karibu na Ubena, wakalala njiani, na asubuhi akadandia lori hadi Msata ndipo akapata bodaboda. Mtu ambaye zamani aliivuka nchi hii kati ya chai na chakula cha mchana alikuwa amechelewa maziko kwa ajili ya basi bovu. Alitaka kusema neno la pole, kisha akasema, “Udongo mkavu mwaka huu.” Nilimwelewa kabisa. Nilimkalisha kwenye kiti cha shangazi chini ya mti wa mkungu, nikamletea chai, na wakati wote alipokuwa akiipuliza nilikuwa nimekwisha ondoka pale, nimerudi kwenye mwaka ule ambao yeye alianguka uwandani petu.

Nilikuwa sijatimiza miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na ninasubiri matokeo, na nikapelekwa kukaa kwa shangazi, kijijini kwetu ng'ambo ya mto Wami, pale ambapo njia inayotoka Miono inakata tamaa na kuwa mchanga kabla ya kufika kwenye mikoko. Nilidhani nimeletwa kumsaidia kazi. Kumbe nimeletwa kuwa pazia. Shangazi alikuwa mjane, nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili vya ndani na kimoja cha nje kinachofungukia barazani, na kwenye chumba kile cha nje alikuwa amepanga mwanamume. Haikuwa aibu, chumba cha nje ni cha mgeni tangu nyumba ilipojengwa, lakini watu wana midomo, kwa hiyo akatafutwa binti wa kulala na shangazi kitanda kimoja. Nililala upande wa ukutani. Ukuta ule ulikuwa wa udongo na chokaa, na ng'ambo yake alikuwa Kepteni Anwar akikohoa, akigeuza kurasa, akijiimbia kwa sauti ya chini nyimbo za taarabu ambazo nusu ya maneno alikuwa amesahau.

Alikuwa rubani wa ndege ndogo ya injini moja, yenye mabawa juu na matairi matatu, mali ya kampuni moja ya Dar es Salaam. Ilikodiwa na wataalamu waliokuwa wakipiga picha mikoko kutoka angani. Wataalamu walilala mjini Bagamoyo, penye feni na soda baridi, yeye akachagua kulala karibu na ndege yake, kwa kuwa ng'ombe walikuwa na tabia ya kujikuna kwenye mkia wake. Kwao ni Bagamoyo hasa. Ukoo wake ulikuja zamani kutoka Bara Hindi, wakauza vitambaa, sukari na misumari, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi niliyekuwa nimerudi na maneno ya bweni. Ndege ilitua na kuruka kwenye uwanda ulio nyuma ya minazi, malisho ya ng'ombe na kiwanja cha mpira, ardhi ambayo hakuna aliyewahi kuitengeneza kwa ajili ya ndege. Ulikuwa udongo wa kijivu, wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi unakuwa mgumu kama kigae, na juu yake vumbi laini kama poda.

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza sawasawa, aliutembea uwanda wote kwa miguu. Alitembea akibonyeza kwa kisigino, akitazama mashimo ya ngiri, akiokota mawe na kuyarusha pembeni. Mimi nilimwona kupitia kwenye mlango wa jikoni huku nikikuna nazi, na shangazi naye alimwona, ingawa shangazi alikuwa fundi wa kutazama kitu bila kukigeukia. “Anatembea kama mtu aliyedondosha pete,” alisema siku moja, akachekecha unga kwa nguvu zaidi.

Jioni tulikula pamoja uani, shangazi na mimi kwenye mkeka, Kepteni kwenye kigoda chake mbali kidogo, na Bi Tabu ambaye alifika kila siku kuazima chumvi na hakuondoka mpaka sinia liishe. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, pilipili ya kukamua. Pale ndipo nilipojifunza kusikiliza. Kepteni hakusimulia miji aliyoiona. Alisimulia walioanguka. Mwenzake mmoja aliyeruka kutoka kwenye mchanga wa ukingo wa mto, tairi likazama kama kijiko kwenye uji. Mwingine aliyeruka kwenye majani yenye umande, majani yakamshika miguu. Mwingine ambaye mbuzi alikatiza mbele yake, na kwa kumhurumia mbuzi akaenda kuukumbatia mti. Wengi katika wale alikuwa amekula nao.

“Lakini si wanasema kutua ndiko kugumu?” niliuliza.

“Wanaosema hivyo ni abiria,” alijibu. “Ukitua, mwanangu, ardhi inakupokea hata kama huna adabu. Itakutikisa, itakutukana, lakini itakupokea. Kuruka ndiko kazi. Kuruka ni lazima ardhi ikuachie. Na hizi ardhi ambazo hazijazoea, hizi za malisho, hazijui kuachia.”

“Kwa hiyo, shemeji, sisi wa huku ndio wabaya,” Bi Tabu alisema, mdomo umejaa.

“Si wabaya, Bi Tabu. Mnapenda mno.”

“Umesikia, Mwantumu? Tunapenda mno.”

“Kula samaki wako,” shangazi alisema. “Na huyu shemeji yako ni kwa nani?”

“Anayejua anajua.”

Kazi ya mikoko ilipokwisha, wanawake wa kijiji walikaa kikao. Kepteni alikuwa amewabebea dawa za zahanati bila kuombwa, alikuwa amempeleka hospitali kwa ndege mtoto wa Bi Tabu aliyeumwa na nyoka na kumrudisha mzima, na sasa alikuwa anaondoka. Ataagwaje? Shangazi ndiye aliyekuwa kiongozi wao, na ndiye aliyesema ataagwa kama anavyopokewa bibi harusi. Kwetu pwani bibi harusi hapiti kwenye vumbi. Ua hufagiliwa tangu alfajiri, kisha wanawake hupita na ndoo wakinyunyiza maji kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka vumbi lilale na ardhi itoe ile harufu yake. Vumbi likimpata mgeni, aibu ni ya mwenyeji. Na ndege ile ilipokuwa ikiruka ilikuwa ikitimua vumbi la kutisha, likamfunika mwenyekiti wa kijiji, likatua kwenye kanzu na kwenye vyombo. Wanawake wakaamua kwamba siku hiyo Kepteni ataruka kwenye ardhi safi iliyotulia.

Ilikuwa iwe zawadi ya kushtukiza, kwa hiyo ilibidi acheleweshwe. Alfajiri aliutembea uwanda kama kawaida yake, akaukuta mgumu, akaridhika, akarudi kuoga. Shangazi akampokea na kifungua kinywa ambacho sijawahi kukiona tena katika maisha yangu: vitumbua vya iliki, mahamri, mbaazi za nazi, mkate wa kumimina, ndizi mbivu za kuchemsha na sukari, chai ya tangawizi iliyochemka hadi ikawa nyekundu. “Bi Mwantumu, ndege itanikataa,” alisema. “Basi mwambie ni mimi niliyekulisha,” shangazi akajibu, akamwongezea mbaazi. Kila alipotaka kuinuka kililetwa kitu kingine. Jua likapanda. Huku nyuma ya minazi wanawake walikuwa wakifagia na kunyunyiza, na mimi nikiwa mmojawao, nikichota maji kisimani na kuyatandaza kwa kiganja, tukiimba kwa sauti ya chini ili asisikie. Nakumbuka tulivyokuwa na furaha. Nakumbuka tulivyofika upande wa mbali wa uwanda, ule ambao vumbi lake huelekea majumbani, tukasema hapa tumwage vizuri zaidi, hapa ndipo vumbi linaposumbua.

Saa nne iliwadia ndipo akafika. Watu walimsindikiza kwa vigelegele, wakampakilia madafu, gunia la mchele, samaki wakavu na kuku mmoja mzima aliyefungwa miguu. Alicheka, akakataa, akalazimishwa. Aliutazama uwanda kutoka pale ndege ilipokuwa, na upande wake ulikuwa karibu kukauka kwa jua, hakuona kitu. Shangazi alisimama mbele ya wote, pindo la kanga yake limelowa. Hakuaga. Alisema tu, “Haya, Kepteni.” Naye akasema, “Haya, Bi Mwantumu.”

Ndege ilikimbia vizuri mwanzoni. Baadaye, mwezi baada ya mwezi, alinieleza kila kilichotokea, na nakieleza sasa kana kwamba nilikuwa ndani: hewa ya saa nne ni nyepesi kwa joto, haibebi kama hewa ya alfajiri, mzigo ulikuwa umezidi, na alipofika nusu ya pili ya uwanda alihisi kitu kimemshika kwa chini. Udongo ule uliolowa ulikuwa ukijiviringisha kwenye matairi kama ugali kwenye mwiko. Ilikuwa mbali mno kusimama na mapema mno kuruka. Alivuta usukani. Ndege ikanyanyuka kidogo, tukapiga vigelegele, ikashuka tena, tairi la mbele likazama, na mkia wake ukapanda juu taratibu, kama mtu anayesujudu. Pangaboi lilijikunja. Bawa la kushoto likapiga kichuguu. Kisha kimya, na katika kimya kile madafu yakaanza kutoka mlangoni moja moja, yakibiringika kuelekea kwetu.

Shangazi alikimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia, mwanamke yule wa mwendo wa taratibu, na matope yalimpanda hadi magotini, na nadhani hapo ndipo alipoelewa, katika nyayo zake, kabla yetu sote. Kepteni alitoka mwenyewe, damu kwenye paji la uso, mkono ameukumbatia kifuani, mfupa wa mtulinga begani umevunjika. Aliutazama udongo uliomganda kwenye viatu. Akamtazama shangazi. Alikwisha jua. Akasema, “Kuku mzima?” Kuku alikuwa mzima. Aliishi hapo kwetu hadi uzee wake, hakuna aliyethubutu kumchinja.

Ugomvi ulizuka papo hapo, kwa kuwa watu wakiogopa hugombana. Bi Tabu alishika kichwa: “Nilisema mimi! Nilisema! Msafiri hafagiliwi!” Maana tunayo desturi nyingine: mtu akisafiri, ua haufagiliwi mpaka zije habari kwamba amefika salama. Ukifagia mapema umemfuta njiani. “Mmemfagia mtu angali mbele ya macho yenu!” Wengine wakasema si fagio, ni maji. Wengine wakasema ni jicho. Shangazi alikuwa amepiga magoti kwenye tope lile, anafunga mkono wa Kepteni kwa kanga yake ya juu, na kwa mara ya kwanza nilimwona hadharani akiwa na kanga moja.

Mkaguzi wa ajali za ndege alikuja kutoka Dar es Salaam baada ya siku chache, kijana mpole wa milimani, mwenye viatu vilivyong'aa. Udongo wetu una tabia ya kusahau upesi: ulikuwa umekauka, mgumu kama kigae. Alipiga picha, akapima, akakuna kichwa. Kepteni, mkono kwenye bandeji, akamwambia kwamba kosa ni lake, hakukikagua kiwanja. Mkaguzi akasikitika, akasema kwa neno hilo hataruhusiwa kuruka mpaka shauri lake liamuliwe. Mimi nilikuwa nikipita na chai na nusura niimwage. Usiku huohuo kabla ya kulala nilimsikia shangazi barazani.

“Kwa nini umesema uongo?”

“Rubani ndiye anayejibu kwa ardhi anayorukia. Huo si uongo.”

“Uliutembea. Nilikuona.”

“Na nikikutaja wewe, na Bi Tabu, na mabinti wote wale? Watakuja watu wa serikali kuwahoji kwa kosa la kunitendea wema? Hapana. Acha hivyo, Bi Mwantumu. Wanawake hawa wataogopa hadi wafe.”

Na kweli waliogopa. Kwa hiyo ikaachwa hivyo, na masika yakaanza, na uwanda ukawa ziwa lenye kina cha miguu ya kunguru. Kampuni ikasema ndege ibaki palepale imefunikwa turubai, injini nyingine italetwa kwa lori mvua zikikatika, na kwa kuwa Kepteni haruki popote, basi ailinde. Akabaki kwenye chumba cha nje. Nikabaki pazia.

Nikiulizwa ni lini nilipata kujua mapenzi ni kitu gani, sikumbuki barua yoyote wala kijana yeyote wa chuoni. Nakumbuka mvua, na shangazi akisuka ukili wa mkeka kwenye baraza, na Kepteni, ambaye alikuwa na mkono mmoja tu wa kufaa, akimshikia ncha ya ukili kwa kidole gumba cha mguu. Alikaa hivyo asubuhi nzima, mzee wa angani, mguu umenyooshwa, akivuta pale alipoambiwa vuta na kulegeza pale alipoambiwa legeza. Hawakusema mengi. “Umelegeza.” “Samahani.” “Sasa umekaza.” “Huridhiki wewe.” “Naridhika, ila si na wewe.” Alimfundisha shangazi kujua upepo kwa kushika pembe ya kanga juu, na kujua udongo kwa kisigino: ukiacha alama ya ukingo, ndege haitaki, ukiacha kivuli tu, inataka. Yeye akafundishwa kukuna nazi kwa mkono mmoja, akaharibu nyingi. Bi Tabu alipita na mwavuli wake wenye matundu, akasimama kwenye mvua makusudi. “Shemeji, mtulinga unaendeleaje?” “Unaunga, Bi Tabu.” “Na vingine?” Shangazi akamrushia kifuu.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja tulichokiona sote na hakuna aliyekisema. Ndege ikipita juu, hata ile ya mbali kabisa ya kwenda Mombasa, ile ambayo sauti yake hufika baada ya yenyewe, Kepteni aliacha kutafuna. Hakuinua kichwa. Aliacha tu kutafuna, tonge shavuni, mpaka sauti iishe.

Jioni moja baada ya magharibi nilikuwa kitandani nina homa ya mafua, mvua inapiga bati hivi kwamba huwezi kusikia mawazo yako. Kisha ikakatika ghafla, na maneno yaliyokuwa yamejificha ndani yake yakabaki uchi. Walikuwa barazani.

“...nitabaki,” Kepteni alikuwa akisema. “Wakiniondolea leseni nitafungua duka pale njia panda. Marehemu baba alikuwa mwenye duka, najua kupima sukari.”

“Na mimi nitakuwa wapi?”

“Utakuwa ndani ya duka. Kwa halali. Nitatuma wazee wangu Bagamoyo waje kwa kaka yako.”

Matone yalidondoka kutoka kwenye mkungu. Nilitaka aseme ndiyo. Nilitaka kwa nguvu zote za umri wangu.

“Kepteni,” shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole hata ikanitisha, “ndege ikipita juu unaacha kutafuna.”

Nilisikia kigoda chake kikisogea.

“Ungeniambia umechoka na hewa, umekuja kwangu kwa miguu yako, ningekuitikia kabla hujamaliza. Lakini ukibaki sasa, utabaki kwa kuwa umenyimwa. Mimi sitaki kuwa mahali mtu anapoangukia.”

“Na kama hawanirudishii?”

“Hilo niachie mimi.”

Aliingia ndani, akajilaza kando yangu juu ya shuka, macho kwenye dari. Nilijifanya nimelala. Akanifunika mabega. “Najua unasikia,” akasema. “Lala.”

Mvua zilipokwisha, mkaguzi akarudi kumaliza shauri lake. Alikaa uani chini ya mkungu, mafundi wakiwa kule uwandani wanafungua masanduku ya injini. “Kepteni, maelezo yako ni yaleyale?” “Ni yaleyale. Sikukagua.”

Shangazi alitoka jikoni na sinia la chai. Alilitua taratibu, akajifunga kanga vizuri, akasema, “Mwanangu, huyu muongo.”

“Bi Mwantumu, nyamaza,” Kepteni alisema.

“Sinyamazi. Nyumba yangu, sinia langu. Alikagua, nilimwona, akitembea kama aliyedondosha pete. Akarudi, nikamkalisha na chakula hadi jua likapanda, na alipokuwa akila sisi tukamwaga maji kule. Tulifagia na tukamwaga maji. Mimi ndiye niliyeamuru.”

Mkaguzi alimtazama kama mtu aliyeambiwa hesabu kwa lugha ya ndege. “Mlimwaga maji, mama? Kwenye njia ya ndege? Kwa nini?”

“Tungemwachaje aondokee kwenye vumbi?”

“Kwenu harusi hamnyunyizi maji?” Bi Tabu akadakia, naye amekwisha kujisogeza mbele, na nyuma yake wakaanza kujitokeza wengine, wanawake walewale waliokuwa wakiogopa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisema na yeye alishika ndoo. Mimi nikasema nilishika ndoo. Mkaguzi akasema kwao ni milimani, kuna umande. Kepteni akasimama: “Hata hivyo nilipaswa kutembea mara ya pili! Mtu akichelewa anatembea tena! Na mzigo, niliukubali mwenyewe!” Shangazi akamgeukia: “Nani alikuchelewesha? Sema! Nani?” “Mbaazi!” alipiga kelele Kepteni. “Mbaazi zilinichelewesha!”

Mkaguzi alicheka hadi akatoa leso. Alisema katika kazi yake amezoea kosa lisilo na mwenyewe, hajapata kuona linalogombaniwa hivi. Kisha akawa na uso wa kazi, akamwambia Kepteni kwamba kweli alipaswa kukagua tena, na kwamba atapimwa upya kabla ya kurudishiwa leseni. Lakini mtu aliyekagua kisha akamwagiwa maji nyuma yake si sawa na mtu asiyekagua. Nilimtazama shangazi. Alikuwa akimiminia watu chai, na alipofika kwenye kikombe cha Kepteni akakijaza hadi kikafurika.

Alikwenda Dar es Salaam, akapimwa, akafaulu, akarudi kuichukua ndege yake wakati wa baridi, upepo wa kusi ukivuma kavu na sawia. Safari hii hakuna aliyefagia, hakuna aliyeleta hata dafu moja. Alfajiri nilisimama kwenye mlango wa jikoni nikawaona wawili, yeye na shangazi, wakiutembea uwanda mzima, kwenda na kurudi, katika mwanga ule wa kijivu. Kijiji kizima kiliona. Hawakushikana mikono. Yeye alibonyeza kwa kisigino upande wake na shangazi alibonyeza upande wake, na pale mwisho wa mwisho, karibu na kichuguu, shangazi alisimama, akabonyeza tena na tena, kama asiyeamini, kama anayetafuta ulaini wowote ule. Kisha akatikisa kichwa. Mgumu. Ndege inataka.

Aliondoka bila kunywa chai. Ndege ilikimbia, vumbi likatimka likatufunika wote, likaingia machoni na mdomoni, na lilipotulia uwanda ulikuwa mtupu na sauti iko juu yetu. Iliinamisha bawa la kushoto, mara moja. Shangazi alishika pembe ya kanga juu. Mtu angesema anaaga. Alikuwa anapima upepo.

Siku ile mnara wa simu ulikuwa haufanyi kazi, na haukufanya siku zilizofuata. Nilipochukua fagio, shangazi alilitoa mkononi mwangu akaliegemeza ukutani. Mkungu ulikuwa unapukutisha. Majani yake makubwa mekundu yakajaa uani, yakafika kwenye jamvi, yakafika jikoni, kuku wa Kepteni akipekua katikati yake, na shangazi alipita juu yake kwenda kisimani na kurudi kana kwamba hayaoni. Mwishowe dereva wa lori la nazi akashuka na salamu: Kepteni amefika, mzima, na wamempangia kazi mikoa ya Ziwa. “Alhamdulillahi,” shangazi alisema. Akachukua fagio mwenyewe, akafagia asubuhi nzima, mgongo ametupa, na hakutaka msaada.

Matokeo yangu yakatoka, nikaenda chuo. Kepteni alioa Mwanza, akapata watoto, na shangazi akawashonea kofia za sikukuu kila mwaka na kuzituma kwa basi. Kila alipopata safari ya pwani aliinamisha bawa juu ya minazi. Nimejaribu kuiandika habari hii kama riwaya, na kila mara wahusika wangu wamekataa kuachana, nami nimewaonea huruma, na kitabu kikafa. Labda ni kwa kuwa mimi bado niko kwenye ule umri wa kitandani, ninayetaka aseme ndiyo. Shangazi alikuwa amekwisha vuka hapo. Aliweza kuwa ardhi ngumu.

Kepteni alikuwa amemaliza chai. Kikombe kilikuwa mapajani, macho yake kwenye njia ya makaburini, ambako hakuwa bado amekwenda. Mjukuu wa Bi Tabu, binti mwenye haraka ya kusaidia, alitoka na fagio la chelewa, akaanza kukusanya majani ya mkungu karibu na mlango, maana wageni wa kisomo cha marehemu wangefika na ua ulikuwa mchafu.

“Acha kwanza, mwanangu,” Kepteni alisema.

Binti akanitazama mimi. “Watu wanakuja, babu. Mpaka saa ngapi?”

Ni Bi Tabu aliyenyoosha mkono kutoka kwenye jamvi, akalishika lile fagio bila kuliona, akaliegemeza ukutani, kichwa chini.

“Ameondoka jana tu,” akasema. “Hatujasikia kama amefika.”

Kepteni akainuka. Nikamshika mkono wa kushoto, tukaelekea makaburini juu ya majani, naye akitembea polepole, akibonyeza.